Somo la Mwezi: Kijana Wetu Anamaliza Sekondari. Kisha Je?



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, sisi Wakongomani tunayajua hata kabla ya kuambiwa. Tunawaona vijana waliofaulu wakikimbia barabarani, vichwa vyeupe kwa poda, huku mama zao wakipiga vigelegele. Furaha hiyo inafika pia katika kambi na katika nyumba za familia zinazopokea wakimbizi. Lakini baada ya siku tatu poda imekwisha oshwa, na swali linabaki mlangoni: kisha je?

Somo hili ni la kusomwa pamoja, katika familia, katika barza au katika kamati ya wakimbizi. Linaweza kuchukua saa moja na nusu.

Kusudi la somo

Mwisho wa somo hili kila mshiriki ataweza:
1. kueleza kwa nini mwaka wa mwisho wa sekondari ni wakati wa hatari na pia wa matumaini kwa familia iliyohama;
2. kumtambua kijana kwa tabia na kazi zake, si kwa pointi zake peke yake;
3. kupanga pamoja na kijana njia zaidi ya moja baada ya mtihani.

Kisa cha kufikiria

Kisa hiki tumekitunga kwa ajili ya somo, lakini familia nyingi zitajiona ndani yake.

Baba na mama walikimbia vita na watoto watano. Wanaishi katika chumba kimoja kwa familia iliyowapokea. Watoto wawili wako katika mwaka wa mwisho. Msichana ana miaka 17, anasoma pedagojia. Kaka yake ana miaka 19, anasoma umeme. Alipoteza miaka miwili kwa sababu ya kukimbia. Pesa ya kushiriki mtihani imepatikana ya mtoto mmoja tu.

Baba mkubwa akaja na shauri lake. Kuna mwenye pikipiki tatu anayemtaka msichana. Mahari yake itamlipia kaka mtihani, na itabaki ya kununua mabati. Baba alinyamaza. Mama aliangalia chini. Kaka naye alisema maneno ambayo yaliwashtua wote: «Msimwoze dada kwa ajili yangu. Kama nafasi yangu haipo, nitarudi kijijini kwa wale vijana wenye bunduki. Wao hawaombi minervali.»

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri.

Simameni hapa kidogo kabla ya kuendelea. Kila mshiriki aseme: ningekuwa baba, ningefanya nini? Ningekuwa yule msichana, ningesema nini?

1. Mwaka wa mwisho ni mwaka wa namna gani?

Mtihani wa Serikali, ule tunaoita Exetat, ulianza katika nchi yetu mwaka wa masomo 1966-1967. Wazazi wengi waliufanya mwishoni mwa mwaka wa sita wa sekondari. Leo darasa hilo linaitwa mwaka wa nne wa humanite, kwa sababu mwaka wa saba na wa nane umeingizwa katika masomo ya msingi. Mtihani wenyewe una hatua mbili. Kwanza kuna majaribio ya mapema, kama insha ya Kifaransa. Kisha kuna siku 4 za kipindi cha kawaida. Anayefikisha 50% amefaulu.

Tangu mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ya umma ni ya bure. Sekondari haikuingia katika mpango ule. Kwa hiyo mzigo wa mwaka wa mwisho unabaki kwa wazazi: minervali, pesa ya kushiriki mtihani, picha, safari ya kwenda kituo cha mtihani. Kwa familia iliyoacha shamba lake nyuma, huo ni mlima.

Kuna tena jambo la karatasi. Mtu anayekimbia risasi habebi buletini. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi za kando ya Goma zilivunjwa, na familia nyingi zilihama mara ya pili au ya tatu. Kila kuhama kunapoteza karatasi. Ndiyo maana mzazi mwenye busara hangoji mwezi wa mtihani. Tangu mwanzo wa mwaka anamwendea prefe wa shule na kumwuliza: dosye ya mtoto wangu inakosa nini? Kama buletini imepotea, tutapata wapi ushahidi wa shule ya zamani?

Na yule aliyekatiwa masomo kabisa asikate tamaa. Sheria za mtihani zinawakubali pia wanaojisomea wenyewe, baada ya kupita jaribio la mwanzo. Waulizeni wakaguzi wa shule walio karibu.

2. Tumjue kijana mwenyewe

Mara nyingi tunamwuliza finalisti swali moja tu: utapata asilimia ngapi? Tunasahau kumwuliza: wewe ni mtu wa namna gani?

Katika kila darasa la mwisho kuna tabia mbalimbali. Yupo msemaji, ambaye wenzake wanamtuma kwa prefe wakati wana shida. Yupo mkimya, anayeandika vizuri na asiyeinua mkono. Yupo fundi, ambaye redio ikiharibika jirani wanamwita. Yupo mwimbishaji wa kwaya na yupo nahodha wa timu ya mpira. Yupo pia mwenye hasira, aliyeona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, na ambaye anapigana kwa neno dogo.

Hakuna tabia mbaya kati ya hizi. Kila moja inaweza kujenga au kubomoa, kulingana na kazi inayopewa. Msemaji asiye na kazi anakuwa mchochezi. Akipewa kazi katika kamati ya maji, anakuwa msuluhishi. Nahodha anajua kukusanya vijana 20 kwa filimbi moja. Wenye silaha wanamwona mapema, na sisi tusipomwona kwanza, tutachelewa. Mwenye hasira naye hahitaji mahubiri kila siku. Anahitaji mtu mzima mmoja anayemsikiliza bila kumkatiza, na kazi ya mikono inayomchosha vizuri.

Tuangalie mfano wa mtu tunayemjua wote. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu ni mtoto wa mchungaji. Alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, na hapo akatamani kuwa mtu wa kuwapa dawa. Lakini alipomaliza sekondari hakuanza na udaktari. Alikwenda kwanza Kinshasa kusoma uinjinia. Baada ya miaka miwili aliacha, akaanza upya masomo ya udaktari huko Burundi, akayamaliza mwaka 1983. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Tunajifunza mambo mawili. Kazi ndogo anayoifanya mtoto akiwa pembeni ya mzazi inaweza kuonyesha njia yake. Na njia ya kwanza ikikosea, maisha hayajakwisha.

3. Njia baada ya mtihani

Watu wengi wanafikiri njia ni moja tu: chuo kikuu. Asiyekwenda huko anaonekana ameshindwa. Fikira hiyo inawaumiza vijana wetu. Hebu tuzihesabu njia.

Chuo kikuu au chuo cha juu. Tangu mwaka 2021 nchi yetu iliingia katika mpango mpya: lisansi ni miaka 3, na masta ni miaka 2 zaidi. Familia ijiulize: tunaweza kulipa mwaka wa kwanza tu, au miaka yote mitatu? Kwa vijana walio wakimbizi katika nchi za nje, kuna msaada wa masomo unaoitwa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa pesa za Ujerumani na unaosimamiwa na HCR. Nafasi ni chache na mashindano ni makubwa, kwa hiyo kijana ajitayarishe mapema. Tena awe mwangalifu: mtu anayeomba pesa ili akupatie msaada wa masomo ni mdanganyifu.

Kufundisha. Mwenye diploma ya pedagojia anaweza kufundisha shule ya msingi. Tuseme ukweli: mwalimu mpya anaweza kukaa muda mrefu bila mshahara wa Serikali, mpaka jina lake liingie katika orodha. Lakini anabaki katika ufundi wake, na watoto wa kambi wanapata mwalimu.

Ufundi. Kushona, useremala, ujenzi, umeme wa jua, kutengeneza simu. Kijana akae mwaka mmoja karibu na fundi anayeheshimika. Wazazi wafanye mapatano na fundi mbele ya mashahidi: muda ni gani, malipo ni gani, vyombo ni vya nani.

Biashara ndogo. Hii inahitaji mtaji kidogo na nidhamu nyingi. Likelemba ya vijana au kikundi cha akiba kinafundisha vyote viwili.

Kurudia mtihani. Kurudia si aibu. Aibu ni kumficha kijana nyumbani kana kwamba amekufa.

Kijana apange angalau njia mbili kati ya hizi: ile anayoitamani, na ile itakayomshika mkono wakati ya kwanza inachelewa.

4. Miezi ya kungoja

Hatari kubwa haiko siku ya mtihani. Iko katika majuma ya kungoja matokeo, na katika miezi inayofuata. Shule imefungwa, wenzake wametawanyika, nyumba ni ndogo, wadogo wanalia, na baba hana kazi. Ni wakati huo ambapo mtu anakuja na soda mbili na ahadi. Anaahidi kazi ya machimbo, au safari ya nje, au bunduki na jina la uzalendo. Kwa msichana, anaahidi ndoa.

Viongozi wajue sheria na waieleze kwa utulivu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwoza mtoto asiyefikisha miaka 18, na inakataza kumwingiza katika jeshi au kundi lolote lenye silaha. Kwa upande wa vijana wakubwa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikubali mwaka 2015 azimio namba 2250, linaloomba vijana wapewe nafasi katika maamuzi ya amani. Kiti kimoja katika kamati ya kambi kinalitekeleza azimio hilo kuliko mabango kumi.

Basi kabla shule haijafungwa, kamati iandike majina ya wafinalisti wote, wavulana na wasichana, wa kabila zote na wa pande zote, wakimbizi na wenyeji. Kila mmoja apewe kazi ya miezi ile: kuwasomesha wadogo asubuhi, kuandika orodha za mgao, kusimamia michezo, kuwasomea wazee barua zao. Wenyeji na wakimbizi wakiwekwa pamoja katika kazi moja, chuki inakosa mahali pa kukaa.

Mwisho wa kisa

Tumalizie kisa chetu. Asubuhi mama alimwita rais wa kambi ya karibu na mwalimu mmoja wa shule. Walikaa na baba, baba mkubwa na vijana wote wawili. Mwalimu aliomba kwamba watoto waseme kwanza. Msichana alisema: «Baba, nisubirini. Nikifundisha, nitawalea hawa wadogo miaka mingi. Mahari italiwa mwezi mmoja.» Baba mkubwa alikasirika, lakini aliposikia umri na sheria alirudisha maneno yake.

Likelemba ya akina mama ilimpa mama zamu yake mapema. Prefe alikubali sehemu ya deni ilipwe kwa kazi: kaka alitengeneza nyaya za umeme wa jua za shule. Wote wawili wakafanya mtihani.

Matokeo yalipotoka, msichana alikuwa na 57%. Kaka alipata 46%. Msichana aliingia ndani, akakataa kushangilia. Kaka ndiye aliyetoka, akanunua poda dukani kwa deni, akarudi akammwagia dada yake kichwani. Kisha alikwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Baba alimfuata, akakaa karibu naye mpaka giza likaingia. Hakusema mengi. Kesho yake walikwenda pamoja kwa fundi wa umeme.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kisa hiki, ni nani aliyezuia vita kuingia nyumbani? Taja zaidi ya mtu mmoja.
2. Kwa nini kukaa kwa baba na kijana nyuma ya nyumba kulikuwa na maana?
3. Katika kambi au mtaa wetu kuna wafinalisti wangapi mwaka huu? Tunajua majina yao?
4. Je, tunawapa wasichana nafasi sawa na wavulana pesa inapokuwa ya mmoja tu? Tuseme kweli.

Kazi ya juma hili

Kila mzazi akae na kijana wake nusu saa, bila simu na bila wageni. Amwulize mambo matatu: unapenda kazi gani, unaogopa nini, na mtihani ukikataa tutafanya nini? Mzazi asikilize mpaka mwisho ndipo ajibu. Kisha waandike njia mbili kwenye karatasi moja, waiweke pamoja na buletini ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji. Siku ya kukimbia, mfuko huo ubebwe wa kwanza.