Ukifika Muheza, iache lami uende Amani

Wasafiri wengi wa kutoka Segera kwenda Tanga husimama Muheza kununua machungwa tu, kisha wakaendelea na safari. Mimi nakuomba ukate kona hapo hapo mjini, ushike barabara ya vumbi inayoingia milima ya Usambara Mashariki. Tenga siku nzima, na kama unaweza kulala huko juu, ni bora zaidi.

Jaza mafuta Muheza, pima upepo wa matairi pamoja na la akiba, na uwe na fedha taslimu mkononi. Kiangazi, gari la kawaida lililoinuka kidogo linafika bila shida. Masika, Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu huteleza kama mlenda. Usiende bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mvua ikikukuta njiani, simama uisubiri ikatike.

Baada ya vijiji utapita Longuza, shamba la mitiki la serikali. Miti imepangwa mistari, na chini ni majani makavu matupu. Wageni hudhani wameshaingia msituni. Bado.

Msitu wenyewe unauona Sigi, kwenye geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Zamani reli ndogo ya Wajerumani iliishia hapa. Lipa kiingilio na umchukue mwongozaji. Wengi ni wenyeji wa vijiji vya jirani, na jicho lao huona kinyonga pale ambapo wewe unaona jani. Kisha panda taratibu. Mahali pazuri pakitokea, egesha pembeni, zima injini, ushushe vioo. Utausikia mto Sigi, huu huu unaojaza bwawa la Mabayani na kuwanywesha watu wa Tanga. Ukisikia mvumo mzito juu ya miti, tazama haraka: ni mabawa ya hondohondo.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe miamba yenye unyevu karibu na vijito. Humo hujishikiza mmea mdogo wenye majani manene yenye manyoya laini na ua la zambarau lenye kitone cha njano katikati. Ndio Saintpaulia, uliopewa jina hilo mwaka 1893 kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani aliyepeleka mbegu zake kwao. Leo jamaa zake wamejaa vyunguni kwenye madirisha ya Ulaya, huku mwituni makazi yake yakizidi kupungua. Tafadhali, usiung'oe hata mmoja.

Juu kabisa kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, na zaidi yake mashamba ya chai. Nunua iliki na mdalasini kwa wanakijiji wenyewe.

Anza kushuka kabla ya saa kumi jioni. Tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo, piga honi kila kona, na umpishe anayepanda na mzigo.