Likizo ya Juni na Moto wa Jioni



Mwezi wa Juni hutuletea mambo matatu hapa Ufipa. Shule zinafungwa. Mavuno yanatuita shambani. Na baridi inazidi. Mambo haya huja kwa pamoja, na yote humgusa mtoto mdogo.

Katika somo hili tutazungumza juu ya watoto wetu wakati wa likizo ya Juni. Tutaona jinsi ya kuwakinga na baridi. Tutaona pia jinsi moto unaotukusanya jioni unavyoweza kutuua usiku. Mimi niliyeandika somo hili ni afisa wa elimu ya watu wazima, nami nilikaribia kuwazika watoto wangu. Habari hiyo nitakueleza.

KWA NINI JUNI NI BARIDI

Kwanza tujue sababu ya baridi yetu.

Watu wa Ulaya hupata baridi kali mwezi wa Desemba. Wakati huo watoto wao hukaa nyumbani kwa likizo, na huko kwingi huanguka theluji. Sisi tuko kusini ya Ikweta. Tarehe 21 Juni hivi, jua huwa limekwenda mbali kabisa upande wa kaskazini. Kwa hiyo Juni na Julai ni miezi yetu ya kipupwe.

Sababu ya pili ni urefu wa nchi yetu. Mji wa Sumbawanga, pamoja na Kizwite yetu, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Wewe mwenyewe umeliona jambo hili. Ukishuka bondeni kwenye Ziwa Rukwa, unavua sweta. Ukipanda tena kurudi Ufipa, unalitafuta.

Sababu ya tatu ni mawingu. Mawingu ni kama blanketi la nchi. Wakati wa kiangazi mbingu huwa nyeupe. Joto la mchana huondoka usiku, na alfajiri vidole vinakufa ganzi.

Mtu mzima huvumilia. Mtoto mchanga hawezi. Mwili wake ni mdogo, nao hupoteza joto upesi.

MAVUNO NA WATOTO

Wakati wa mavuno baba na mama huondoka mapema. Kuna mahindi ya kuvunja, maharage ya kupiga, na ulezi wa kukata. Nyumbani wanabaki watoto. Wazazi wengi husema, "Shule zimefungwa, mkubwa atamwangalia mdogo."

Tujiulize. Huyo mkubwa ana miaka mingapi? Mtoto wa miaka 8 anaweza kucheza na mdogo wake. Hawezi kulinda moto, sufuria ya uji na mtoto anayetambaa, vyote kwa wakati mmoja. Akiwaza mchezo kidogo tu, mdogo amekwisha kufika jikoni.

Fanyeni mpango na majirani. Nyumba nne zinaweza kupeana zamu. Leo mtu mzima wa nyumba moja anabaki na watoto wa nyumba zote nne. Kesho anabaki mwingine. Zamu hii si ya akina mama peke yao. Baba naye anajua kushika mtoto.

Chakula cha mchana kiandaliwe asubuhi. Uji wa ulezi ni mzuri sana. Utie karanga zilizotwangwa au maziwa. Uji ukae katika chupa ya chai, na chupa iwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Baridi humfanya mtoto ahitaji chakula zaidi.

Mtoto akiungua, usimpake dawa ya meno, unga, mafuta wala yai. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kisha funika kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati.

MOTO WA JIONI

Jioni wote wanarudi. Hapo ndipo utamu wa likizo ulipo.

Siku za shule, mtoto mkubwa hula na kulala. Wakati wa likizo ana nafasi ya kukaa na wazazi. Mwulize ameona nini mchana. Mwambie habari za babu yake. Tegeaneni vitendawili. Mpe mahindi ya kupukuchua huku mnaongea, na mwache ahesabu madebe.

Tena wewe sasa unajua kusoma. Chukua kitabu hiki umsomee mwanao ukurasa mmoja. Ukikwama kwenye neno, msaidiane. Usione haya. Mtoto anayemwona mzazi wake akisoma hatasahau.

Kaeni mahali ambapo moshi unatoka nje. Moshi wa kuni huharibu mapafu ya mtoto. Usimbebe mtoto mgongoni unapopika katika moshi mzito.

Basi moto ni rafiki yetu mpaka saa ya kulala. Ikifika saa ya kulala, lazima tuagane naye.

JIKO HALILALI NDANI

Sasa nikueleze habari yangu.

Katika darasa letu la Kizwite kuna bibi mmoja mwanafunzi. Jioni moja ya Juni tulikuwa tunasoma neno "jiko". Bibi akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, jiko halilali na mtoto." Mimi nikatabasamu. Nikadhani ni mambo ya kale tu. Nikaendelea na somo.

Wiki ile baridi ilizidi. Mtoto wetu mdogo alikuwa na miezi 8, na mkubwa wake miaka 4. Tulilala wote chumba kimoja. Tuliziba dirisha kwa matambara ili upepo usiingie. Kisha mimi mwenyewe nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Mke wangu akauliza, "Baba, halina ubaya?" Nikamjibu, "Moshi umekwisha. Makaa ni mekundu. Hakuna ubaya."

Usiku wa manane mtoto wa miaka 4 aliamka, akatapika. Mama yake akasimama ili amshike. Akaanguka. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Kichwa kilinigonga kama kinu. Mdogo alikuwa kimya, na kimya chake ndicho kilichonitisha. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikavuta komeo. Nikawatoa nje mmoja mmoja, nikawalaza kwenye mkeka katika baridi ile ile niliyokuwa nikiikimbia. Majirani walitusaidia kufika hospitali. Mdogo alilia tukiwa njiani. Sijasikia sauti nzuri kuliko ile.

Wote tulipona. Lakini kama mtoto yule asingeamka, asubuhi wangevunja mlango wetu.

Nina cheti cha kazi yangu. Nilikwisha kufundisha watu wengi kusoma neno "jiko". Bibi yule alijua jambo ambalo mimi sikulijua, naye aliniambia. Nami sikumsikiliza.

Niliporudi darasani niliwaeleza wote. Bibi hakucheka. Alisema, "Mwalimu, wiki hii umesoma wewe."

HEWA YA SUMU

Ni nini kilichotupata? Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Kwa hiyo huwezi kuitambua. Moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu, hewa hii bado inatoka.

Ukiivuta, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mwili unakosa hewa ingawa unapumua. Kwanza kichwa kinauma. Kisha unasikia kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Mwishowe huwezi kusimama. Aliye usingizini anaweza kufa bila kuamka. Watoto wadogo hudhurika upesi zaidi.

Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, na jiko liko ndani, fanya hivi:

1. Fungua milango na madirisha.
2. Watoe watu wote nje kwenye hewa safi.
3. Liondoe jiko, kama unaweza kufanya hivyo bila kudhurika.
4. Wapeleke hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu.

Kufungua dirisha dogo hakutoshi. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakuondoi sumu. Njia iliyo salama ni moja: kabla ya kulala, jiko litoke nje. Liweke mbali na nyasi, mahali ambapo upepo hauwezi kurusha cheche.

Na baridi je? Usiku tunaikinga hivi. Mchana anika mablanketi na godoro juani. Tandika magunia makavu au mkeka chini ya godoro, maana sakafu ya baridi hunyonya joto la mwili. Mvike mtoto kofia na soksi. Mwogeshe mchana, jua likiwa limepanda, kwa maji ya uvuguvugu, na umkaushe upesi. Mtoto mchanga awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Joto la mama halina moshi wala sumu.

HESABU PUMZI ZA MTOTO

Wakati wa baridi watoto wengi hukohoa. Kikohozi cha mafua huisha. Lakini kikohozi kingine ni cha nimonia, nayo huua upesi. Utazitofautishaje? Utahesabu.

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Fungua nguo kidogo utazame kifua au tumbo. Likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Tumia saa au simu, uhesabu kwa dakika moja kamili. Anapumua haraka mno akifikia hesabu hizi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka 1: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto anayekohoa na kupumua haraka hivyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje mahindi yaishe shambani. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, mkimbize hata kama ni usiku.

Kumbuka chanjo pia. Chanjo za kumkinga mtoto na aina kali za nimonia hutolewa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kadi yake iko nyumbani kwako. Zamani ulimpa muuguzi akusomee. Leo itoe, uisome mwenyewe. Kama kuna chanjo aliyoikosa, mpeleke.

MWISHO WA SOMO

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika katika vikundi kote Tanzania, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusoma ili wamalize kitabu. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Jioni ya leo, kaa na watoto wako karibu na moto. Kuleni, ongeeni, msomeane. Kisha mwulize mtoto mkubwa, "Jiko linalala wapi?" Akujibu, "Nje." Ndipo ulitoe, ufunge mlango, mlale.

MASWALI

1. Kwa nini Sumbawanga ni baridi kuliko bonde la Ziwa Rukwa?
2. Makaa mekundu yasiyo na moshi yana hatari gani?
3. Mtoto wa miaka 2 anakohoa. Amepumua mara 46 kwa dakika moja. Utafanya nini?
4. Mtoto wa miezi 5 anakohoa. Amepumua mara 44 kwa dakika moja. Je, anapumua haraka mno?
5. Kadi ya mtoto wako inaonyesha chanjo zipi? Andika tarehe zake.

MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

Nani anabaki na watoto wa jirani zenu wakati wa mavuno? Pangeni zamu ya wiki moja. Andikeni majina ya siku, na mbele ya kila siku jina la mtu atakayebaki. Bandikeni karatasi hiyo mahali ambapo kila mmoja ataisoma.