Sare ya Shule na Jasho la Fundi



Kijana mwenzangu, leo tuongelee kitu ambacho karibu wote tumekivaa: sare ya shule. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, vijana wa parokia walichangisha hela ili watoto 20 yatima wapate sare kabla shule hazijafunguliwa Januari. Vitambaa tulinunua wenyewe, mimi nikapewa kazi ya kutafuta fundi. Mama mmoja mwenye cherehani kwenye fremu karibu na soko alitaja shilingi 8,000 kushona sare moja. Nikambana. Nikamwambia hii ni kazi ya Mungu, ni ya yatima, halafu ni nyingi kwa mpigo. Tukamalizana kwa 5,000. Nikarudi parokiani najiona mjanja: nimeokoa shilingi 60,000!

Wiki ya kwanza ya shule nikapita kumshukuru. Binti yake wa darasa la nne alikuwa amekaa pembeni, anakata nyuzi.

“Mama, huyu mbona hajaenda shule?”

“Sare yake imeshambana, frateri. Kitambaa nitanunua mwisho wa mwezi.”

“Sasa kwa nini ulikubali elfu tano?”

“Kodi ya fremu ilikuwa imefika.”

Jamani, nilikosa la kusema. Nina digrii ya falsafa, nimeandika mitihani juu ya haki, na bado niliwavisha watoto 20 kwa jasho la mama ambaye mwanaye alibaki nyumbani.

Neno lenyewe “sare” linatufundisha. Timu zikifungana moja kwa moja, tunasema zimetoka sare: hakuna aliyemzidi mwenzake. Sare ya shule nayo ina kazi hiyo. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa muuza mchicha wakipanga mstari asubuhi, wanaonekana sawa. Ni kitu kizuri. Lakini usawa huo ukiishia kwa anayevaa, usimfikie anayeshona, basi hatujatoka sare. Kuna mtu amefungwa.

Neno la Mungu

Katika 1 Samweli 2:19 tunasoma kwamba Hana alikuwa akimshonea mwanaye Samweli kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea hekaluni. Huwa nawaza alivyokuwa akikadiria: mwaka huu atakuwa amerefuka kiasi gani? Na katika Matendo 9:39, Tabitha alipofariki, wajane walimwonesha Petro nguo alizowashonea, huku wakilia. Katika Maandiko, nguo ina mikono ya mtu nyuma yake. Ndiyo maana Yakobo 5:4 inatuonya kwamba ujira aliozuiliwa mfanyakazi unapiga kelele, na Mungu anazisikia.

“Si alikubali mwenyewe?”

Huo ndio utetezi wangu wa kwanza. Papa Leo XIII alishaujibu mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: mfanyakazi akikubali masharti mabaya kwa sababu ya shida au hofu, makubaliano hayo hayafanyi malipo yawe ya haki. Amelazimishwa, hata kama hakuna aliyemshika mkono. Katekisimu, namba 2434, inafundisha hivyohivyo. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alisema kununua kitu kwa bei iliyo chini ya thamani yake ni kosa dhidi ya haki, sawa na kuuza juu ya thamani yake. Sisi tunalaumu wauzaji tu. Kumbe na mnunuzi anaweza kuiba.

Kutoka fremu hadi kiwanda

Kosa langu lilikuwa la mtaani, lakini ukilikuza unaona biashara kubwa ya nguo duniani. Kampuni inabana bei, kiwanda kinambana mshonaji, na mshonaji hana wa kumbana. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza la ghorofa nane, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka. Ndani yake kulikuwa na viwanda vilivyoshona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Siku moja kabla, nyufa zilionekana. Benki iliyokuwa humo ilifunga, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Papa Fransisko aligusia mshahara wao wa euro 38 kwa mwezi, akauita kazi ya utumwa.

Hapa tusitwishane mizigo isiyo yetu. Mzazi anayenunua shati la bei ya chini kwa sababu ndiyo hela aliyonayo hatendi dhambi. Wajibu unapimwa kwa unachokijua na unachoweza kukibadilisha. Kiwanda cha Bangladesh kiko mbali nami. Fundi wa pale sokoni, je?

Haki kwanza, kisha huruma

Nilipowaeleza vijana, mmoja akauliza, “Frateri, hela ya yatima ndiyo tumpe fundi?” Swali zuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya utume wa walei (Apostolicam Actuositatem, 8), unafundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili tusimpe mtu kama zawadi kile kinachomstahili kwa haki. Ile 60,000 haikuwa ya yatima wala ya kwetu. Ilikuwa ya fundi. Halafu mtunza hazina akatukumbusha kwamba soda na keki za siku ya kukabidhi sare zilizidi kiasi hicho. Kimya. Tukachanga upya, tukampelekea.

Mambo matatu ya kufanya:

1. Peleka kazi mapema, Novemba au Desemba. Ukimkimbiza fundi Januari, unanunua usingizi wake.
2. Muulize bei inayomtosha, kisha lipa siku ya kuchukua nguo. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka mfanyakazi alipwe kabla jua halijazama.
3. Itunze sare yako, na ikikubana mpe mdogo wako. Kuna mtu aliikesha.

Jiulize: Kuna fundi, dada wa kazi au bodaboda ninayemdai “punguza” kwa sababu tu najua ana shida? Kuna ninayemdaiwa hadi leo?

Tuombe: Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, utufundishe kuwaona waliotuvisha. Utupe moyo wa kulipa kilicho haki kabla ya kujisifu kwa huruma yetu. Amina.