Kilimo Hai cha Mizabibu: Kazi ya Jamaa ya Frey

Wako wanaodhani kwamba kilimo hai ni kuliacha shamba lijiotee, lisitiwe kitu. Ili kuiondoa dhana hiyo, tumeona yafaa kueleza habari za shamba la mizabibu la Frey Vineyards, huko Redwood Valley, California, nchini Marekani. Zabibu zake hutengenezwa mvinyo, kinywaji ambacho wengi wetu dini yatukataza. Basi hatukisifu kinywaji, twatazama ukulima na utunzaji wa mazao.

Paul Frey na mkewe Marguerite, wote wawili madaktari, walilinunua shamba hilo mwaka 1961, wakalea humo watoto 12. Mwaka 1967 walipanda mizabibu ekari 40, kwani palikuwa na mpango wa kujenga bwawa karibu, nao walitaka ardhi yao iwe na thamani endapo itachukuliwa. Bwawa halikujengwa, mizabibu ikabaki. Kwanza waliuza zabibu tu, mpaka walipoona mvinyo uliotengenezwa na wengine kwa zabibu zao unashinda tuzo. Mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo! Mwaka 1980 wakaanzisha kiwanda chao. Oktoba 2017 moto wa msituni ukakiteketeza, wakajenga kingine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Katika kilimo cha namna hii magugu hayauawi kwa dawa, hupaliliwa. Baina ya mistari hupandwa mimea ya jamii ya kunde, kisha hulazwa ardhini iwe mbolea. Adui mkubwa wa mzabibu ni ukungu mweupe kama unga, na kanuni zaruhusu majani yanyunyiziwe unga wa kiberiti. Kwa hiyo si kweli kwamba hapana dawa kabisa: ziko zilizoruhusiwa, na zilizokatazwa hazitiwi.

Ajabu ni kwamba kiberiti hicho, kinachoruhusiwa shambani, chakatazwa kiwandani. Watengenezaji wengi hukitia katika mvinyo ili usiharibiwe na hewa wala vijidudu. Marekani, mvinyo uliotiwa kiberiti hauwezi kuuzwa kwa jina la mvinyo wa kilimo hai. Utaandikwa tu kwamba zabibu zake ni za kilimo hai. Ulaya ni walegevu zaidi: tangu 2012 mvinyo mwekundu usio mtamu waruhusiwa kuwa nacho hadi miligramu 100 kwa lita. Jamaa ya Frey hawatii hata chembe. Asiyetia kiberiti hana kinga ila usafi na wepesi: zabibu zilizooza hutolewa, vyombo husuguliwa, na matangi hujazwa ili hewa isipate nafasi. Nasi twajua karafuu mbichi zikilazwa chungu bila kuanikwa zinavyovunda.

Lililo zito zaidi ni kungoja. Kwa miti ya kudumu, kanuni za Marekani na za Ulaya zataka shamba likae miaka 3 bila dawa wala mbolea zilizokatazwa kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kwa jina la kilimo hai. Katika miaka hiyo gharama ya palizi hupanda, na bei hubaki ile ile. Mkaguzi naye hataki maneno, ataka daftari: nini kilitiwa, lini, konde gani. Mwanachama anayefikiria njia hii kwa mikarafuu yake aanze na daftari hilo sasa, na amwulize jirani yake ananyunyizia nini mpakani.