Qi Baishi, Seremala Aliyechonga Mihuri

Muhuri unaujua. Ni ule unaopigwa kwenye barua ya ofisi. Huko China, tangu zamani, hata mtu binafsi huwa na muhuri wenye jina lake. Kuchonga mihuri hiyo ni sanaa, nayo huenda pamoja na sanaa ya kuandika kwa brashi. Bingwa mmoja wa sanaa hizo alikuwa Qi Baishi. (Tamka: Chi Baishi.)

Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la Hunan. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Kichina hakina a, b, ch kama sisi. Huandikwa kwa alama nyingi, na karibu kila alama ina maana yake. Babu yake alijua alama kama 300 tu, yaani chache sana. Lakini hizo hizo alimfundisha mjukuu wake. Wakiota moto, mzee alichukua koleo la chuma akaandika kwenye majivu. Shuleni Qi alikaa chini ya mwaka mmoja, maana nyumbani walihitaji mikono ya kazi.

Akawa seremala, fundi wa nakshi. Alipata mwalimu wa mashairi na uchoraji akiwa na miaka 25 hivi, tayari ana mke. Kuchonga mihuri alianza kujifunza sawasawa baada ya miaka 30.

Kazi yenyewe si rahisi. Jiwe ni laini, lakini alama huchongwa kinyume, ya kulia iwe kushoto, ili zikipigwa kwenye karatasi zisomeke. Qi alichonga, akasaga uso wa jiwe, akachonga tena. Tope la mawe likajaa chumbani.

Wengine hupitisha kisu mara mbili, huku na huku ya mstari. Yeye alipitisha mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu wa patasi. Wapo waliosema kazi yake ni ya kishamba. Mimi naona ndiyo uzuri wake! Wala useremala hakuuficha: muhuri wake mmoja ulisema yeye ni mwanafunzi wa Lu Ban, fundi mkuu wa maseremala wa kale.

Mwaka 1937 Wajapani waliiteka Beijing, alikokuwa akiishi. Wakubwa wao walitaka picha zake. Mwaka 1940, mzee wa miaka 76, aliandika tangazo akalibandika mlangoni: picha haziuzwi kwa watu wa serikali. Alifariki mwaka 1957.

Hebu jaribu: andika jina lako kwa wino mzito, geuza karatasi, itazame kwenye mwanga. Hivyo ndivyo mchonga muhuri anavyolichonga.