Anton Chekhov, Mwandishi wa Hadithi Fupi

Upande wa kusini wa nchi ya Urusi, kando ya bahari iitwayo Azov, uko mji wa Taganrog. Huko ndiko alikozaliwa Anton Chekhov, mwaka 1860. Babu yake alikuwa mtu wa kumilikiwa na bwana mwenye mashamba, hata mwaka 1841 alipojikomboa yeye na jamaa yake kwa fedha alizokuwa akiziweka kidogo kidogo. Baba yake alikuwa na duka, naye alikuwa mkali mno, akiwapiga watoto wake mara kwa mara. Mwaka 1876 duka likafilisika. Baba akakimbilia Moscow ili kuwaepuka waliomdai, na jamaa wakamfuata; Anton, kijana wa miaka 16, akabaki ili amalize shule, akijipatia riziki kwa kuwafundisha watoto wa watu.

Mwaka 1879 naye akaenda Moscow, akaingia Chuo Kikuu kujifunza utabibu. Nyumbani fedha hazikutosha, basi akaandika hadithi za kuchekesha na kuziuza kwa magazeti. Magazeti hayo yalitaka hadithi za mistari mia tu, au kupungua. Kwa hiyo alizoea kufuta kila neno lisilo na kazi, na nadhani hakuna mwalimu ambaye angalimfundisha vizuri zaidi. Mwaka 1884 akawa daktari. Miaka miwili baadaye mzee Dmitri Grigorovich, mwandishi mwenye sifa, alimpelekea barua akimsihi asiipoteze karama yake kwa kuandika haraka haraka.

Mwaka ule ule wa 1886 alitunga hadithi ya Vanka. Vanka ni yatima wa miaka tisa, aliyepelekwa Moscow kujifunza kazi kwa mshona viatu. Usiku wa kuamkia Krismasi, bwana wake na bibi wakiwa kanisani, anatoa wino na karatasi iliyokunjamana, anapiga magoti mbele ya benchi, na kumwandikia babu yake kijijini. Anaeleza jinsi anavyopigwa mkanda kwa kuwa alisinzia akimbembeleza mtoto wa bwana, na jinsi bibi alivyomsukumia kichwa cha samaki usoni kwa sababu alianza kumsafisha mkiani. Anamsihi babu aje amchukue. Kisha anaitia barua katika bahasha, na juu yake anaandika kwamba ni ya babu wa kijijini. Anafikiri kidogo, anaongeza jina la babu, wala haliandiki jina la kijiji. Anakimbia kuitia katika sanduku la posta, anarudi, analala kwa furaha, akiota kwamba babu anaisoma barua hiyo akiwa ameketi juu ya jiko. Chekhov anaishia hapo. Hasemi kwamba barua haitafika. Msomaji ndiye ajuaye, naye Vanka hajui.

Mwaka 1890, ingawa alikuwa amekwisha kuanza kutema damu, alifunga safari kwenda kisiwa cha Sakhalin, mashariki kabisa, walikopelekwa wafungwa. Reli ya kuvuka Siberia haikuwako bado. Alikwenda kwa magari ya farasi na kwa meli za mitoni, akipita katika matope na mafuriko, karibu miezi mitatu. Kisiwani alizunguka nyumba kwa nyumba, akiandika habari za kila mtu katika kadi yake, hata zikawa kadi kama 10,000. Kisha akaandika kitabu, ili watu wa Urusi wajue mambo yaliyotendeka kule kwa jina lao.

Mwaka 1892 alihamia shamba la Melikhovo, karibu na Moscow. Kipindupindu kilipotisha nchi, aliangalia vijiji 25 bila mshahara. Akajenga na shule tatu kwa watoto wa wakulima. Lakini kifua kikuu kilizidi kumla. Alikufa Badenweiler, Ujerumani, mwezi wa Julai 1904, akiwa na umri wa miaka 44.

Maiti yake ililetwa Moscow katika behewa la kuchukulia chaza. Rafiki yake Maxim Gorky alikasirika sana kwa jambo hilo, akasimulia tena kwamba baadhi ya waombolezaji walifuata jeneza la jenerali mmoja aliyeletwa siku ile ile, wakistaajabu kwa nini Chekhov anazikwa kwa muziki wa askari.