Negativu Hii Ni ya Sentimita au ya Inchi?

Kabla hujaigusa negativu ya zamani, tafuta rula ya plastiki yenye milimita. Utepe wa fundi cherehani haufai, kwani hunyumbuka, na katika kazi hii milimita tatu zinatosha kukupeleka kwa mwenye kamera asiye yeye. Shika negativu pembeni, kwa mikono mikavu, na upime ukingo hadi ukingo wa filamu yenyewe. Wengi hupima picha iliyomo ndani, wakapata namba isiyofanana na chochote.

Kigoma wenye kamera walipokezana. Reli ya Wajerumani ilifika hapa Februari 1914, na Julai 1916 wakaingia Wabelgiji. Mwaka 1921 mji ukakabidhiwa Waingereza, huku Wabelgiji wakibaki na gati lao bandarini kwa mkataba. Wajerumani na Wabelgiji walinunua vioo na filamu kwa sentimita: 9×12, 10×15, 13×18, 18×24. Waingereza walikuwa na vipimo vya inchi vilivyotokana na kioo kizima cha 6½×8½, yaani milimita 165 kwa 216. Nusu yake kwa jina ni 4¾×6½ (milimita 121 kwa 165), na robo ni 3¼×4¼ (milimita 83 kwa 108). Ukizikokotoa utaona kwamba nusu si nusu kamili. Baadaye zikazoeleka 4×5 na 5×7.

Sasa tazama palipo na mtego. 13×18 ni milimita 130 kwa 180, na 5×7 ni 127 kwa 178. Tena filamu bapa, ile iliyokatwa kipande kimoja kimoja, hukatwa ndogo kidogo kuliko jina lake ili iingie kwenye fremu ya kuibebea: ya 9×12 hutoka karibu 89 kwa 119. Kwa hiyo namba ikipungua milimita moja au mbili, usidhani umegundua kipimo kipya.

Kioo hakinywei, filamu hunywea. Filamu ya asetati iliyokaa miaka chini ya bati la Ujiji, kwenye joto na unyevu wa ziwa, huanza kutoa harufu ya siki, hujikunja, kisha hufanya mikunjo kama maziwa yaliyoganda juu. Filamu ya 13×18 iliyonywea asilimia nane itasoma karibu 120 kwa 165, sawasawa na nusu ya Mwingereza. Kugawanya urefu kwa upana hakukusaidii hapa, maana jibu la zote mbili ni karibu 1.38. Pua ndiyo itakayokusaidia. Ikiwa filamu imenyooka na haina harufu, amini rula. Ikiwa imekunjamana na inanuka siki, ongeza kipimo kichwani. Kugawanya kunafaa kwa 9×12, inayotoa 1.33, na 4×5, inayotoa 1.25, hizo hazikutani hata zinywee namna gani.

Geuza filamu wima, upande wa dawa, usiong'aa, ukikutazama. Kwenye kona ya juu kulia huenda kuna mapengo madogo yaliyokatwa ukingoni, ili mpiga picha aitambue filamu gizani kwa kidole. Kwa filamu bapa za Kodak za kabla ya 1949, pengo la kwanza kutoka pembeni likiwa na umbo la V, hiyo ni nitreti. Likiwa na umbo la U, ni filamu salama. Nitreti si ya kuchezea. Inashika moto upesi, na ikishawaka hata maji hayaizimi kwa urahisi. Ikiwa ya kahawia, inanata na inanuka vibaya, itoe ndani ya nyumba, iweke peke yake penye kivuli na hewa, mbali na jiko. Usijaribu kuchoma kipande ili uhakikishe, ingawa yupo mzee atakayekushauri hivyo.

Kona yenye mapengo ikikosekana, angalia kingo. Fremu huacha mistari myembamba isiyopigwa mwanga pembeni mwa picha. Upande mmoja ukiwa hauna mstari huo, filamu ilikatwa kwa mkasi, labda ili itoshe kwenye kibati cha kamera iliyotengenezewa vioo, na kipimo chake hakimo katika orodha yoyote. Filamu nyembamba mno iliyojiviringisha huenda ilitoka kwenye pakiti ya filamu za kuvutwa kwa karatasi moja baada ya nyingine. Ya mraba, kama sentimita 23 kila upande, yenye saa na namba pembeni, ni picha ya kupimia ramani iliyopigwa kutoka ndegeni. Na ile kubwa ya samawati yenye dawa pande zote mbili ni eksirei ya mtu. Irudishe kwenye bahasha.

Hata hivyo kipimo hakitaji tarehe. Kamera za Kijerumani za 9×12 ziliuzwa dunia nzima, na mmisionari hakutupa yake kwa sababu bendera imebadilika. Acha picha itoe ushahidi wake. Meli ya Graf von Goetzen ilishushwa majini Kigoma Februari 1915 na ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiinua 1924, na ikaanza safari kwa jina la Liemba 1927. Ili usome jina ubavuni, itazame filamu kwa upande unaong'aa juu ya simu yenye mwanga mweupe; kwa upande wa dawa herufi zitakuwa kinyume. Ukisoma Liemba, basi picha ni ya 1927 au baadaye, hata kama filamu ni ya sentimita.

Kila moja itie kwenye bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa nailoni. Andika kwa penseli, kabla hujaiingiza, milimita ulizopima na si jina la kipimo ulilokisia. Kisha wapelekee orodha hiyo watu wa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kabla ya kusafirisha sanduku lenyewe, hasa kama ndani yake umeona pengo la V.